Nyuzi Nyeupe kwa Mama Marcelline

"Nyanya zangu? Ugonjwa ukifika kwangu unasalimia tu, unapita!" Magloire alijigamba hivyo mbele ya wenzake wa likilimba, ile kazi ya kupokezana: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Wakacheka. Mtu wa mizaha hakuna anayemkagua.

Kumbe nyanya zake, ikifika saa sita mchana, zilikuwa zinalala kama walevi wa matanga. Chini ya shina, nyuzi nyeupe kama pamba, na vipunje vya kahawia vidogo kama mbegu za lengalenga, ule mchicha wetu. Agronomu, mtaalamu wa kilimo, alishawaeleza wote wa kikundi: hiyo ni jamaa ya uyoga, inakaa ndani ya udongo miaka na miaka. Ng'oa mmea pamoja na udongo wake, choma, panda mahindi misimu kadhaa, osha jembe. Na mwenye shamba gonjwa asiende kulima kwa wengine. Hapo ndipo Magloire alipochomwa. Abaki nyumbani peke yake, kama mwenye ukoma?

Ikafika zamu ya Mama Marcelline, mjane wa njia ya Lusangi. Shamba lake lilikuwa bado safi kabisa. Miche ya kikundi kizima ilitoka kwenye kitalu chake. Magloire alitoka kwake moja kwa moja, jembe begani, udongo wa shamba lake bado umeganda kwenye bapa. Akalima akiimba, hatua mbili tu kutoka kwenye kitalu.

Wiki tano hazikupita, miche ikalala yote. Mama Marcelline alikaa chini, akafukua kwa vidole, akaiona pamba. Hakulia.

"Sina udongo mwingine, wanangu," alisema. "Na ninyi hamuna miche tena."

Magloire akawahi: "Ni hawa wachimba dhahabu! Wanakatiza humu na mabote yao ya mpira yenye matope. Mumuulize Zacharie!"

Zacharie mwenyewe, mchimbaji, alikuwa amesimamisha pikipiki pale njiani.

"Mimi tena, Baba Laura?" alimwuliza Magloire. " Siku ile ya likilimba nilikukuta kwako asubuhi, unang'oa nyanya zilizokufa, unatupa mutoni. Nikakuambia, kaka, jembe yako iko na udongo, osha kwanza. Ulinijibu nini?"

Magloire alianza kurudi nyuma kuelekea njiani.

"Ulisema, udongo ni udongo tu," Zacharie akamalizia.

Mama Marcelline alikuwa bado ameketi kati ya miche, vidole vimejaa udongo, anamtazama Magloire.