Akina Klimene Waliokula Chungu cha Smikitho

Mambo yalimharibikia Smikitho siku ya kumi na tatu ya mwezi wa maua, ile Siku ya Vyungu, ambapo Athene nzima huchemsha nafaka za kila aina kwa asali na hakuna mwenye pumzi anayeruhusiwa kuonja. Chakula ni cha wafu. Siku hiyo hupanda kutoka chini, kila mmoja akala kwao, na jua likizama hufukuzwa warudi walikotoka.

Wakubwa wa jiji walikuwa wametangaza yale yale ya kila mwaka: milango ipakwe lami, watu watafune majani machungu, ili wafu wale nje, wasiingie wala wasionekane. Smikitho, mtengeneza ngozi, mgane wa mwaka wa nne, safari hii aligoma.

"Wakubwa!" alisema, akatema mate. "Mke wangu alipokuwa anakohoa hawakuleta hata jani moja. Leo kafa, ndio wanatulisha majani sisi!"

Alitaka mkewe aingie ndani. Alikuwa na swali moja la kumwuliza, na swali hilo lilikuwa linamtafuna. Siku ya mazishi mkwewe alisimama mbele ya watu akasema, "Mwanangu kauawa na harufu ya ngozi za huyu." Papo hapo, juu ya udongo mbichi, Smikitho akaapa kwa Zeu kwamba jina la mzee yule halitatoka kinywani mwake tena. Kiapo alikishika. Lakini kila alipoinusa mikono yake alijiuliza: je, kama ni kweli?

Basi akaweka chungu mezani, akasimama mlangoni, akaita mara tatu kama inavyotakiwa.

"Klimene! Klimene! Klimene!"

Akaingia mwanamke mrefu mwenye taji la dhahabu na nyusi zilizoungua. Akakalia kiti kizuri bila kukaribishwa.

"We nani?"

"Si umeniita? Klimene, niliyezaa na Jua. Mwanangu ndiye aliyeazima gari la baba yake akaunguza nusu ya dunia."

"Mimi nimemwita mke wangu!"

"Ungemwita basi," alisema, akakivuta chungu kwake.

Hajafunga mdomo, akaingia wa pili, kajitwika mizigo isiyo yake. "Hodi wenyewe! Klimene, mjakazi wa yule bibi mzuri aliyesababisha Troya ichomwe. Yeye katoroka na bwana, mimi nikabeba masanduku. Uzuri wake wanauimba mpaka kesho, aliyekuwa anamchana nywele nani anamwimba? Sogea, dada."

Wa tatu akafuata, kachoka. "Klimene wa Krete. Baba yangu mfalme alinikabidhi kwa baharia nikauzwe ng'ambo. Shemeji, humu ndani mnanuka nini?"

"Ngozi," Smikitho alijibu, akaificha mikono nyuma.

"Nimenusa mabaya zaidi. Lete kijiko."

"Na mwaka jana chungu nilichoweka nje alikula nani?" Smikitho akauliza.

"Mimi," mjakazi akasema.

"Mwaka juzi mimi," akasema mke wa Jua. "Dengu hazikuiva."

Smikitho akapiga meza. "Ni yule mungu Herme! Kazi yenyewe moja tu, kuleta wafu, nayo inamshinda. Kapewa mabawa miguuni, akili ya kuuliza hakupewa!"

"Wakubwa ndivyo walivyo," alisema mjakazi. "Kwake Klimene ni Klimene. Anachukua aliye karibu na lango, yamekwisha."

"Lakini na wewe una lako, shemeji," yule wa Krete akamwambia. "Mtu huitwa pamoja na baba yake. Wewe unaita Klimene mtupu, kama unaita kuku. Mkeo baba yake nani?"

Smikitho akageukia ngozi zake zilizolowekwa pembeni.

"Humjui mkweo?"

"Namjua sana. Nimeapa nisimtaje."

"Basi sisi tule," alisema mjakazi, akalamba kijiko.

Nje jua lilikuwa limegusa mapaa. Mwanzo wa mtaa watu walishaanza kupiga kelele, "Tokeni, roho! Sikukuu imekwisha!" Chungu nacho kilikuwa kinaonyesha tako. Smikitho akatazama juu. Anayevunja kiapo cha Zeu hupigwa radi, hilo kila mtu analijua. Lakini huyo Zeu mwenyewe kamwapia mkewe uongo mara ngapi?

"Kama ni radi," alinung'unika, "na aanze na yeye." Akajaza kifua pumzi. "Klimene binti Deksitheo! Wa Deksitheo, yule mzee mwenye kichwa cha beberu!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Radi haikuja. Mlango ukasukumwa, akaingia Klimene wake, kwa mwendo wake ule ule wa kuburuta kiatu kimoja. Miaka yote minne Smikitho alimwogopea njaa. Kumbe kanenepa. Mashavu yanang'aa, asali imemganda pembeni mwa mdomo, na ananukia ufuta wa kukaanga. Smikitho hajawahi kupika ufuta maishani mwake.

"Mume wangu," alisema. "Umechelewa kuniita."

Jirani wa kushoto alikuwa ameshatoka nje kuwafukuza wafu wake kwa kelele. Wale watatu wakajipanga mlangoni, mke wa Jua akifuta chungu kwa kidole. Ilibaki pumzi ya swali moja, na swali Smikitho alikuwa nalo, kalipanga neno kwa neno. Klimene aligeuka kuelekea kwenye ngozi zilizolowekwa, akavuta hewa polepole puani, akatabasamu tabasamu ambalo mtu hawezi kulisoma. Smikitho akafungua kinywa amwulize. Jicho likaangukia ile asali mdomoni mwake.

"Tokeni, roho!" jirani wa kulia akanguruma, na nyumba ikawa tupu.

Smikitho akakimbilia mlangoni, kashika chungu kitupu, akaupigia kelele mtaa mzima uliokuwa ukiingia giza:

"Klimene binti Deksitheo! Miaka yote hii ulikuwa unakula kwa nani?"