Lenzi ya Kuingiza Nyumba Yangu

Kalenda ya mwaka jana ya kikundi chetu cha wakulima wa kahawa, hapa Masoko, ilitoka na nyumba ya wifi yangu Yustina. Ilitoka yote: bati jekundu, maua ya mlangoni, hata moshi wa jikoni, uliopanda wima kama moshi wa mtu asiyejua kuni mbichi. Nyumba yangu iko hatua thelathini kutoka hapo. Ilipotakiwa kuanza, karatasi ikaisha. Kilichoingia ni mkia wa mbuzi wangu.

Kila mwanakikundi alipewa moja, nami nikapewa. Niliitundika sebuleni, kwa sababu kutoitundika ni kukiri. Kisha nikatundika ungo mbele yake. Mgeni akiuliza tarehe, nilimwambia aangalie simu.

Yustina mwenyewe hakusema kitu, na hilo ndilo lililonichoma. Mtu anayejisifu unaweza kumjibu. Yeye alipita na ndoo yake, akasema tu, "Wifi, umeamkaje," kwa sauti ya mtu anayeishi kwenye kalenda.

Aliyepiga picha ile ni mjukuu wangu wa damu, Prisca. Anapiga picha za harusi pale Tukuyu, na akipata nafasi anapiga milima na maziwa, maana anasema mlima haulalamiki kwamba umetoka mnene. Nikamwita.

"Mjukuu niliyembeba mgongoni," nikamwambia, "umenikata kama kucha."

"Bibi, si mimi, ni lenzi. Ilikuwa nyembamba. Nilirudi nyuma mpaka kisigino kikawa hewani, nyuma yangu ni mteremko wa ziwa. Ningerudi tena mngenizika."

"Tungekuzika vizuri, nyumba yangu ikiwa ndani."

Akacheka. Akaniambia kikundi kimempa tena kazi ya kalenda, na safari hii ananunua lenzi pana, inayochukua kushoto na kulia bila mtu kurudi nyuma. Nikamwambia lenzi hiyo tutaichagua wote wawili.

Tulikwenda Tukuyu siku ya soko. Ezron, muuza kamera, ana duka dogo nyuma ya wauza viazi. Alitandika kitambaa juu ya meza, akaweka lenzi mbili. Moja ilikuwa kubwa kama chupa ya chai, kioo cha mbele kimevimba kama jicho la chura. Nyingine ilikuwa fupi, inakaa kiganjani, na ukizungusha pete yake inapanua au inavuta karibu.

"Hii kubwa inaanzia milimita kumi na nne," Ezron akasema. "Hii ndogo inaanzia kumi na sita, inavuta mpaka thelathini na tano."

"Tunachukua yenye namba kubwa," nikasema.

"Bibi, hapa namba ikiwa ndogo ndiyo inaona eneo kubwa."

"Kama wifi yangu. Mdomo mdogo, kila kitu kinaingia. Basi tupe hiyo ya kumi na nne."

Prisca akaipima mkononi, akakunja uso. "Bibi, hii nitapanda nayo mlima Rungwe mimi, si wewe. Ikifika saa ya nne ya kupanda itakuwa na uzito wa mtoto. Halafu kioo kilichovimba hivi hakikubali filta ya kawaida. Ziwa linang'aa; bila filta nitapiga kioo cha kujitazamia."

"Lakini kubwa inaingiza mwanga mwingi, dada," Ezron akasema. "Hata jioni unapiga."

"Kaka, mlima hautembei. Nitaweka kamera kwenye stendi, nisubiri. Mwanga wa kukimbizana nao ni wa harusini."

Nikaona wanasahau kilichonileta. "Hiyo ndogo, nyumba yangu itaingia?"

Prisca akaifunga kwenye kamera, akanisimamisha mlangoni nichungulie. Mwe bandu! Barabara yote iliingia, wauza ndizi wa pande zote mbili wakaingia, na chini kabisa vidole vyangu vya miguu vikaingia bila kualikwa. Lakini mlima Rungwe, ambao ukitoka nje unakujaa machoni, ulikuwa umebaki kichuguu. Na ndoo iliyokuwa kizingitini, karibu na goti langu, ilikuwa kubwa kuliko duka la ng'ambo.

"Mbona ndoo imenenepa hivi?"

"Ndiyo tabia ya lenzi pana. Kilicho karibu kinakuwa kikubwa, kilicho mbali kinakimbia. Wanaoinunua ili mlima uonekane mkubwa wanajuta. Lazima utafute kitu kizuri cha kuweka karibu."

Niliishusha kamera polepole, maana nilikuwa nimepata wazo na sikutaka liniponyoke. Kitu kizuri cha kuweka karibu. Nyumba yangu! Na nyumba ya mtu fulani, hatua thelathini nyuma, ingekimbia mpaka iwe banda la kuku.

"Chukua hiyo ndogo," nikasema. "Nauonea huruma mgongo wako."

Ezron akashangaa jinsi nilivyogeuka. Prisca hakushangaa, ila alinitazama kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyepona ghafla.

Lilibaki jambo moja. Yustina akisikia kamera iko kwangu, angekuja. Angekuja na mbalaga kwenye hotpoti, za moto, zenye maziwa, angekaa katikati ya uwanja wangu, na mgeni aliyekuletea ndizi alizopika mwenyewe humwambii asogee. Karibu na lenzi ile angekuwa mkubwa kama kanisa.

Basi nikamwalika baba mdogo Andongwisye.

Mzee huyu ni mdogo wake baba yangu, nami humwita tata, yaani baba; amepita miaka tisini, na ni baba mkwe wa Yustina. Marehemu Simon, mume wa Yustina, alikuwa mwanawe. Sasa kwetu Wanyakyusa wa zamani, mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Hakai naye, hataji jina lake, na wakikutana njiani anaingia migombani mpaka mzee apite. Wasichana wa siku hizi wanawapigia baba wakwe zao simu na kuwaomba vocha. Yustina hapana. Yustina ameishika mila hiyo tangu aolewe, miaka hamsini sasa, na watu wanamtolea mfano hata kwenye harusi. Nikasema sifa njema ni za kutumiwa. Mzee akikaa uwanjani kwangu, mkwe wake hatakanyaga.

Siku yenyewe kulikucha bila ukungu, bahati kubwa kwa huku kwetu. Nilifagia uwanja mpaka ardhi ikang'aa. Mzee nikamkalisha kwenye kiti karibu na mlango wangu, kofia kichwani, fimbo mapajani.

"Leo kuna nini?" akauliza.

"Picha, tata. Wewe kaa tu uwe mzuri."

"Hilo halijawahi kunishinda," akasema, akanyoosha shingo.

Upande wa Yustina kulikuwa kimya. Hata kuku wake hawakuvuka. Prisca akapiga kwa upana, kisha akazungusha pete, akavuta, akapiga tena. Ukungu ukashuka kutoka mlimani, kazi ikaisha.

Siku ya tatu alikuja na kompyuta yake. Jamani! Nyumba yangu ilijaza upande wote wa kushoto: mlango, nguzo, jiko la nje, kila tofali limesimama kwa zamu yake. Mzee alikaa mbele kama chifu. Mlima ulikuwa nyuma, mdogo lakini una adabu. Nyumba ya Yustina ilikuwa banda la kuku, sawasawa na nilivyoagiza. Nilicheka mpaka nikakohoa.

"Kuna tatizo, Bibi," Prisca akasema. Akakuza picha, akakuza tena, mpaka pembe ya jiko langu ikajaa kioo. Kulikuwa na kitenge cha njano chenye tausi. Na chini ya tausi, jicho.

Yustina! Alikuwa amezunguka kwa nyuma, akajibanza kwenye jiko langu akichungulia. Na hakuwa akitazama kamera. Alikuwa akimtazama baba mkwe wake.

"Mfute," nikasema.

"Siruhusiwi. Kikundi kimeshasema picha isichezewe, tangu yule mpiga picha aliyewaongezea flamingo ziwani. Nikikata pembe ya jiko, nyumba yako inaondoka nayo. Kuna hii niliyovuta, mlima na bonde tu, hammo nyote. Wanataka jibu Ijumaa, na hakuna mwingine aliyemwona. Amua wewe."

Kitenge kile Masoko nzima inakijua. Mkwe mwema wa miaka hamsini, kwenye kuta za watu mwaka mzima, anamvizia baba mkwe kutoka jikoni kwa wifi! Sitawadanganya, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyepewa paja la kuku msibani. Nikamwomba Prisca aiweke picha kwenye simu yangu, nikavuka migomba kwenda kumwona Yustina akibadilika rangi.

Alikuwa anamenya ndizi. "Wifi, umeamkaje."

"Nimeamka na picha yako."

"Mimi sikupigwa picha."

"Ndivyo ulivyodhani."

Nikamwonyesha jicho lake. Kisu kikaanguka. Akalitazama, akanitazama mimi, akajifunika kichwa kwa khanga kana kwamba mzee yuko pale mlangoni.

"Umemwonyesha nani?"

"Bado," nikasema. Neno hilo nililitamka taratibu, lilikuwa tamu. "Ulifuata nini jikoni kwangu, wifi? Chumvi?"

Hakucheka. "Nilikuonea wivu."

"Wewe? Mwenye kalenda?"

"Kalenda gani!" Akaisukuma sufuria kwa mguu. "Miaka hamsini namfulia, nampikia, chakula nakiacha mlangoni naondoka. Sijui anapenda kipi, sijui anakula vipi. Wewe unamkalisha kwenye kiti kama kuku wa mayai, unamwita tata, anakucheka. Nikasema, kabla hajafa, nimwone uso mara moja tu. Nikaona kisogo cha kofia."

Nilikuwa nimekuja na majibu mengi, ila ya maneno mengine.

"Uso uko hapa," nikasema, nikairudisha picha iwe nzima.

"Funika!" akapiga kelele, amegeuka ukutani.

Nikamfunika mzee uso kwa kidole gumba. Yustina akageuka kidogokidogo. Aliangalia viatu vya mzee, akaangalia fimbo, akaangalia vifungo vya koti alivyovishona mwenyewe. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Toa kidole."

Nikatoa.

Alitazama muda mrefu, hata ndizi zilizomenywa zikaanza kuwa nyeusi. "Masikio ni ya Simon," akasema mwishowe. "Na huu mdomo wa kununa. Kumbe Simon angezeeka hivi."

Simon alikufa na miaka arobaini na miwili. Yustina akapitisha kidole kwenye kioo cha simu, picha ikakimbia, akashtuka, nikamrudishia. Na mimi, niliyekuja kufurahi, wivu ukanirudia kwa mlango mwingine. Mume wangu alikufa kijana, na baba yake alimtangulia. Sina uso wa kuutazama nikajua wangu angezeeka vipi.

Ijumaa nikamwambia Prisca apeleke ile ya kuvuta.

"Una hakika, Bibi? Nyumba yako haimo."

"Na ya Yustina?"

"Haimo."

"Basi peleka kabla sijabadilika."

Kalenda imetoka. Mlima umekaa vizuri, na lazima niseme lenzi ile ndogo inaijua kazi yake hata ikivuta. Chini ya mlima, katikati kabisa, mahali ambapo sikuwa nimetazama, kuna zizi la Noah, jirani yetu wa bondeni, na ng'ombe wake wawili wameigeukia kamera kama maharusi. Noah ameshalipaka zizi chokaa. Juzi baada ya ibada alinipa mkono, hakuuachia, akaniuliza kama nimeiona kalenda ya mwaka huu. Nikamwambia macho yananisumbua.

"Hata mimi," akasema Yustina nyuma yangu, na akanivuta mkono twende.