Sponji Ndani ya Koti la Mwamba

Nimeshona katika miji mingi, na nguo za watu nimezipunguza nyingi tu. Mtu mwenyewe kupungua mikononi mwangu, mwezi hadi mwezi, nimemwona Mwamba peke yake.

Mwamba ni jina walilompa wapiga kura wake. Aliingia bungeni mimi sijaota ndevu, na mvi zangu zimemkuta bado yumo. Kila mwezi mkewe alinipeleka chumbani nikampime, nimpunguzie makoti. Sharti lake lilikuwa moja: nisitumie futi. Mzee macho yake yalikuwa bado yanasoma, na zile namba zilimliza. Basi nikawa nampima kwa uzi mnene, nafunga fundo pale kiuno kilipoishia. Mwezi ukiisha, fundo jingine, ndani kidogo. Nilichokitoa kiunoni nilikirudisha kwa sponji, mabegani na kifuani. Kwa nje alibaki yule yule wa kwenye mabango.

"Mheshimiwa, leo naona umeongezeka," nilimwambia.

"Fundi, uongo wako una mishono mirefu. Utafumuka."

Tukacheka. Kicheko chake kikageuka kikohozi mpaka mkewe akaja mbio na beseni.

Alhamisi moja, zimebaki siku mbili chama kikutane kumpitisha mgombea, mama, yaani mkewe, alitoka kupokea simu. Mzee akanishika mkono.

"Ndugu yangu, Jumamosi uyatoe."

"Niyatoe yapi, mzee?"

"Hayo magodoro yako. Nataka nipande jukwaani wanione nilivyo. Nikisema nimechoka, wanapiga makofi. Nikisema naumwa, eti mzee ana utani. Wakiniona kwa macho wataniacha. Nataka nikae kwangu, nisikie wajukuu wakigombana."

"Si umwambie mama?"

"Nilimwambia, akalia. Akilia tu, mimi nasema haya, nagombea."

Nikamwahidi. Nikatoka na koti begani, lakini mama akanifuata hadi getini.

"Kaka, amekwambia nini?"

Nikalihamishia koti bega jingine. Hakuhitaji jibu.

"Mimi nimeishi naye. Mwaka ule alioshindwa alikaa miezi mitatu hali, haogi, anauangalia ukuta, mpaka mahakama ikamrudishia kiti. Asipoitwa Mheshimiwa, nitamzika. Nakuomba, kaka."

Nilikwenda zangu nikijua kwamba hakuna kati yao aliyenidanganya.

Ijumaa nilifumua bega la kulia. Sponji ilitoka imelowa jasho la zamani, imejikunja kama inavyokunjika ngozi ya kisigino. Nikalitundika koti nilitazame. Bega moja juu, jingine limeanguka, ungedhani ni mtu aliyepigwa na kiharusi. Nikajiambia, wewe mpita njia, nani kakutuma kumvua mtu mzima nguo mbele ya umati? Nikairudisha sponji, nikashona, nikapiga pasi.

Jumamosi asubuhi alilivaa. Akalibonyeza bega la kulia kwa kidole, kisha la kushoto. Sponji ikabonyea, ikarudi juu. Akanitazama. Mkewe alikuwa pale pale, anamfunga tai.

"Limekaa vizuri," mzee akasema.

Ukumbini alipandishwa na vijana wawili wa chama, mmoja kila upande, wanatabasamu kama wanamsindikiza bwana harusi. Watu wakasimama. "Mwamba! Mwamba hatikisiki!" Alipewa kipaza sauti, akasema, "Jamani, nimechoka." Ukumbi mzima ukaangua kicheko na makofi. Akapita bila mpinzani.

Mwezi uliofuata nilirudi na uzi wangu. Nilitegemea matusi, nami nilijiandaa kuyapokea. Badala yake, kabla sijamwomba, aliinua mikono mwenyewe, akasimama hivyo kama mtoto anayesubiri kuvuliwa shati. Nikauzungusha uzi kiunoni. Kiuno kiliishia ndani ya mafundo yote ya zamani.

"La ngapi hilo?" akauliza.

Kumbe alikuwa anajua siku zote.

"Sijahesabu, mzee."

"Mimi nimehesabu."

Nikafunga fundo. Vidole vyangu vilichukua muda mrefu kuliko kawaida, na mikono yake ilibaki juu, nikasahau kumwambia aishushe.

Sauti ya mama ikatokea koridoni: "Fundi! Jumanne anafungua kampeni. Mabegani uongeze kidogo!"

Mzee akafumba macho.

Nikaongeza.