Kipande cha Mwisho cha Keki ya Bibi Ardis

Seneta Duane Haugerud, tajiri wa viwanda vya madirisha, alikuwa amekaa miaka kumi na miwili katika bunge la jimbo la Minnesota, Marekani. Sasa aliutaka ugavana, akaja kuomba kura kwenye chakula cha Jumapili cha kanisa la kina Bibi Ardis.

Keki ya tufaha ya Bibi Ardis ilibaki kipande kimoja. Kila aliyepita alikikata nusu na kuacha nusu, mpaka kikawa kama ukucha, maana kwao kumaliza cha mwisho ni ulafi. Seneta akapita, akakitupia mdomoni.

Ukumbi mzima ukamkodolea macho.

"Ikiwa keki ameimaliza," mzee Orville akasema, "kwenye hazina ya jimbo atatubakizia nini?"

Watu wakaangua kicheko. Seneta akawa mwekundu hadi masikioni, akauona ugavana unamponyoka.

Bibi Ardis akamwonea huruma. "Hebu nyamaza, Orville. Miaka arobaini naoka, na hicho cha mwisho huliwa na kuku wangu. Leo ndiyo kwanza naona trei yangu tupu." Akamgeukia seneta. "Ila mwanangu, anayemaliza ndiye anayeosha."

Seneta akakunja mikono ya shati lake la bei mbaya, akaosha trei ile, kisha nyingine kumi na saba bila kuambiwa.

Orville akaja kuzikagua moja moja.

"Kura yangu umeipata," akasema huku amenuna. "Lakini hata ukiwa gavana, Jumapili tunakutegemea hapa kwenye trei."