Mguu wa Mpimaji Maji

Saa tatu asubuhi, Septemba 1952, beseni kumi na moja zilikuwa zimepangwa mbele ya robine, bomba la maji la Kamalondo, mtaa wa Waafrika. Kila beseni ilimshikia nafasi mwenyewe aliyekuwa bado nyumbani. Stanislas, mpimaji maji wa serikali, alikuwa amejaza chupa yake. Tangu Mei maji yalinuka kutu na watoto walikuwa wanaharisha. Ilibaki kuipeleka chupa maabara. Aliinua mguu avuke mtaro, na mguu ukabaki juu.

Hakuanguka. Alieleza kwamba gharama za uchunguzi hulipwa na kampuni ya maji, na sheria imeweka kikomo cha mwaka. Kikomo kilikuwa kimefikiwa, na mguu haukuwa na ruhusa ya kushuka kabla ya mwaka mpya.

“Basi utashuka lini?” aliuliza Honorine, aliyekuwa anateka maji na wenzake waliowahi. Mtoto wake, Léonie, alikuwa hajasimama wiki mbili.

“Janvier, mama.”

“Mi nilizania ni siye tu tunasimamaka hapa.”

Wanawake walicheka kidogo, wakaendelea kuteka. Honorine alijaribu kuchukua chupa. Vidole vya Stanislas havikufunguka.

Walichanga faranga. Honorine alizipeleka kwa miguu ofisi ya serikali, na karani Rigobert akazisukuma zirudi upande wa Honorine wa meza.

“Sheria inasema kampuni ndiyo inalipa, mama. Haisemi muntu mwingine.”

“Na kampuni inakatala kuongeza?”

“Haikatale. Siye ndiyo hatuna ruhusa ya kuiomba.”

“Mutoto wangu iko mubaya.”

Rigobert aliitazama fomu juu na chini. “Ile naandika wapi?”

Mvua zilianza. Walimfunika Stanislas gunia. Honorine alichemsha maji mpaka kuni zikaisha, akalala kidogo, akaamka, akachemsha tena. Léonie alikufa Novemba. Jeneza lilipopita, Stanislas alisema, “Pole, mama,” na Honorine akajibu, “Asante, bwana.”

Tarehe mbili Januari mguu ulishuka. Stanislas alimwaga chupa mtaroni, kwa kuwa maji ya mwaka jana hayahesabiwi, akaenda kuanza upya na robine namba moja, mtaa wa Wazungu, ambako maji hayakunuka.

Mwezi wa Agosti Stanislas aliingia Kamalondo. Kikomo kilifikiwa tena, akasimama mguu hewani nyumba tatu kabla ya robine, chupa ikiwa tupu. Honorine, mwenye mimba ya miezi sita, alimsalimia, akapita kwenda kuteka.