Nyuzi Saba Chini ya Korali

Mi siogopi nyoka wala giza. Naogopa ufa. Miaka kumi na mbili nimesoma namna vitu vinavyopasuka, kwanza Bukavu, na sasa Lilongwe, kwenye labo moja karibu na City Centre, mara mbili kwa wiki, ruhusa ya kutoka kambini ikiwa mfukoni. Tunatengeneza nyuzi za hariri za kushonea vidonda. Kazi yangu ni kuvuta uzi mpaka ukatike, halafu kutafuta ulianzia wapi kuchoka. Huku Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, bantu wananiita Dokta Annonciata, na nusu yao wanacheka. Dokta gani hana hata sindano?

Basi mwezi wa pili nikaona ufa kanisani kwetu. Pasta Jean-Baptiste, ambaye mbele ya kuitwa na Mungu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, alitujengea tribini, lile jukwaa la juu ambalo korali inaimbia. Chini yake, pale chuma kinapoungana na nguzo ya mbele, kulikuwa mstari mwembamba, urefu wa ukucha. Mwingine angeona mkwaruzo. Mi niliujua ni ufa.

Korali yetu haijui kusimama. Batoto thelathini na wawili wanacheza, mguu kushoto, mguu kulia, wote pamoja, na anayewaongoza njo mwanangu Charlène. Chuma hakivunjwi na uzito wa siku moja. Kinachoka. Kila hatua inasogeza ufa kidogo, huoni, husikii, mpaka ufike urefu wake, na hapo haungoji tena mtu.

Nikachukua mabaki ya hariri ya labo, nikayaanika juani wiki tatu mpaka yakawa makavu, hayavutiki hata kidogo. Uzi wa namna hiyo, ufa ukipita chini yake, unakatika palepale. Nikabandika nyuzi saba kwa gundi mbele ya ufa, zikifuatana kama ngazi. Jumapili ya kwanza ulikatika mmoja. Ya pili, mmoja. Ya tatu, mbili.

Nikaenda kwa Pasta. Nikamwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku tutajenga makaburi. Akanipa chai, akanisikiliza kwa heshima zote, halafu akasema ni rangi tu imepasuka. Chuma kile alikichomelea kwa kufunga na kuomba. Tena Pasaka imefika, korali haiwezi kuimbia chini kama wageni.

Alhamisi bamama ba usafi bakaziona. Nyuzi nyeupe, saba, zimebandikwa chini ya miguu ya batoto! Nilikuwa bado njiani kutoka labo, pale Lumbadzi, natafuta minibasi ya kurudi wakati jirani aliponipigia simu: wanasema Dokta analoga korali. Zote zilishang'olewa na kuchomwa kwa petroli. Charlène hakugusa chakula changu. Aliniambia neno moja tu. "Mama, umenivua nguo mbele ya bantu."

Maneno niliyavumilia. Lakini sasa sikuwa tena na kipimo, na hilo liliniogopesha kuliko yote. Mazoezi yalikuwa kila siku, na kutoka nyumbani nilisikia miguu yao, nikawa nahesabu bila kutaka.

Pasaka kanisa lilijaa mpaka nje. Nilikaa nyuma, benchi nzima peke yangu. Wimbo ulipoanza nikamwona Charlène anainua mguu, na miguu yangu ikaamua mbele ya akili. Nikaenda nikasimama chini ya tribini, palepale. Ufa ulikuwa umeshazidi kiganja changu. Kama nawaloga, basi uchawi uniangukie mi wa kwanza. Mashemasi wawili wakaja kunivuta, nikakumbatia nguzo. Nilisikia chuma kinalia mikononi mwangu, kila hatua.

Charlène akaangalia chini, akaninunia. Halafu akaona mikono yangu inatetemeka. Mtoto huyu hajawahi kuniona natetemeka, hata siku ile tulivyotoka Bukavu.

Akanyamaza katikati ya wimbo. Kisha akaanzisha mwingine, ule wa kutoa maiti nyumbani.

Wimbo ule hauchezwi. Unaimbwa wima, mikono chini, kila mtu anajua tangu utoto. Miguu sitini na minne ikatulia. Bamama wakaguna: Pasaka, wimbo wa maiti? Lakini Charlène aliendelea kuimba, akaanza kushuka ngazi polepole, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja, sababu kwenye wimbo ule anayeongoza akitembea, wote wanatembea nyuma yake.

Pasta akaja mbio, macho mekundu. Charlène akamshika mkono, akauweka kwenye ufa. Ukucha wa Pasta ukazama.

Hakuniangalia. Akasema tu, kwa sauti ya fundi, "Bantu bote batoke inje. Polepole. Mtu asikimbie."

Mi nilitoka wa mwisho, Charlène akinivuta kwa kitenge.