Betri za Mzee Fikirini

Miaka ile simu za mkononi zilipoenea Moshi hadi kwa wauza ndizi wa Kiboriloni, Bernadetha, mpimaji wa maji, alikuta lithiamu kwenye kisima kimoja cha Njoro. Hakuwahi kuiona katika maji ya mtaa ule.

Kwanza alishuku gereji ya jirani, maana grisi nyingi za magari huwa na lithiamu. Akapima kisima kilichopakana nayo. Maji safi. Akageukia upande wa pili, akiomba chupa ya maji kila penye kisima, na kiwango kikazidi kupanda kadiri alivyokaribia kwa Mzee Fikirini, fundi simu. Betri za simu nazo zina lithiamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Simu imekufa?"

"Simu nzima. Nauliza betri mbovu unazipeleka wapi."

Fundi hakuficha. Akampeleka nyuma ya nyumba, karibu na kisima, akamwonyesha udongo uliofukuliwa.

"Nazizika hapa. Hosea, mtoto wa Gladness hapo jirani, aliokota moja jalalani akaigonga kwa jiwe, ikamuunguza mkono. Tangu hapo situpi hata moja. Za mafundi wenzangu pia naziomba, naleta hapa."

Bernadetha alikuwa amekuja na maneno makali. Akayaacha.

"Mzee, zinaoza humo chini. Sumu yake inashukia kisimani."

Mzee Fikirini akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Gladness anachota hapa. Na ni mjamzito."

"Kiasi bado ni kidogo. Lakini asiyanywe tena, wala ninyi msinywe. Nitamwambia."

"Hapana. Niache niende mwenyewe."

Bernadetha alibaki uani na Mwantum, mke wa fundi. Walisikia sauti ya Gladness ikipanda, kisha kilio, kisha mlango ukibamizwa. Mzee alirudi ameinamisha kichwa, akachukua jembe.

Alikuwa bado anachimba Gladness alipotokea na karai, macho mekundu.

"Nimekasirika, baba," alisema. "Usidhani nimemaliza. Lakini najua ulizizika kwa ajili ya mwanangu."

Bernadetha akamzuia asiguse kitu, akagawa glavu kwa wengine. Betri walizipanga kwenye pipa lenye mchanga mkavu, wakalihifadhi mbali na mvua. Bernadetha alihangaika nalo ofisi hadi ofisi, hakuna aliyelitaka, mpaka mfanyabiashara mmoja wa Arusha alipokubali kulisafirisha pamoja na mzigo wake kwenda kwa watu wanaoshughulikia betri mbovu.

Gladness alijifungua binti mwenye afya. Lithiamu ilipungua polepole mno. Mtoto alianza kutembea kisima kikiwa bado cha kufulia tu. Kila asubuhi Mwantum na Gladness waliongozana kwenda bombani, wakiilalamikia foleni njia nzima, na mtoto mgongoni mwa Mwantum.